Neno Lililonikimbiza Urambo

Urambo
9 Juni 1952

Kaka Eustace,

Shikamoo. Wifi Veneranda naye nampa shikamoo yake. Mwandiko utanisamehe, naandika kwa haraka.

Tarishi amekuja hapa kliniki na bahasha ya serikali yenye jina langu: Imakulata binti Shilinde, mkunga msaidizi. Mimi! Miaka minne nimefanya kazi katika wodi hii ya wazazi na sijapata kuandikiwa barua na serikali hata siku moja. Nikaifungulia chooni ili mtu asinione. Yote ni Kiingereza, imepigwa kwa mashine, na chini ina sahihi ya Bwana Daktari wa Jimbo mwenyewe.

Kiingereza changu unakijua, kaka. Nasoma lebo za dawa, nasoma “boil” na “poison”, basi. Barua nzima nimeivuka kama mtu anayevuka tope kwa kurukia mawe. Jiwe la kwanza ni jina langu. Jiwe la pili ni “Usinge”. La tatu ni tarehe, 1 Julai. Na katikati yake kuna neno hili, nalinakili herufi kwa herufi: “charged”.

Neno hilo nimeliona kwako. Nilipokuja Krismasi lilikuwa kwenye makaratasi ya mahakama uliyoyatandaza juu ya meza, tena mara nyingi. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Sista wetu yuko likizo hadi mwisho wa mwezi. Mtoa dawa anajua Kiingereza, lakini mdomo wake hauna mlango, nikimwonyesha leo kesho Urambo nzima inajua. Barua yenyewe siitumi, naogopa isije ikapotea njiani. Niambie tu maana ya neno hilo, na usinifiche. Mimi sijafanya kosa lolote ninalolijua.

Nijibu kwa treni ya kwanza.

Ndimi mdogo wako,
Imakulata

*

Ipuli, Tabora
12 Juni 1952

Mdogo wangu Imakulata,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nimemaliza ndipo nikaketi.

Umeuliza mtu anayejua. Huu ni mwaka wangu wa saba katika ukarani wa mahakama, na neno hilo naliandika kila siku ya Mungu kabla ya chai na baada ya chai. “Charged” maana yake ni kushtakiwa. Halina maana nyingine. Juzi tu nimeliandika mara tisa: huyu kwa wizi wa ng'ombe, yule kwa kuchoma msitu, yule kwa kumpiga baba mkwe wake na mwiko.

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya neno hilo huja neno dogo, “with”. Kinachofuata “with” ndicho kosa lenyewe. Na tarehe uliyoitaja, 1 Julai, bila shaka ndiyo siku ya kusikilizwa. Na Usinge ndipo kosa lilipotendeka. Barua za serikali zimepangwa hivyo, hazibahatishi.

Kwa hiyo, kwanza, usitie sahihi mahali popote. Pili, usimjibu mtu. Akikuuliza yeyote, mwambie utasema mbele ya hakimu. Tatu, kama una mahali pa kukaa siku chache hadi nijue undani, kaa huko.

Nne, na hili nakuuliza kama kaka na si kama karani: umefanya nini Usinge? Umesema hujafanya kosa unalolijua. Miaka saba nawasikiliza washtakiwa, Imakulata, na mtu asiye na kosa hasemi hivyo. Husema tu, “Sijafanya kosa.”

Wifi yako anakusalimu. Hajambo, anapumzika.

Kaka yako,
Eustace Shilinde

*

Usinge
17 Juni 1952

Kaka Eustace,

Shikamoo. Niko Usinge. Nimeondoka Urambo Jumamosi na kikapu kimoja, sikumuaga mtu. Najua utasema mshtakiwa gani anakimbilia mahali pa kosa. Lakini nilitaka kumjua aliyenisema. Nisingeweza kulala bila kumjua.

Basi sikiliza, nikutolee yote, maana umeshanikamata.

Unakumbuka Pasaka nilikuja huku kwa Shangazi Bernadeta. Jumatatu ya Pasaka, jua limepanda, akaja mtu anakimbia. Ni Hilali, yule anayegeuza njia za treni hapo stesheni. Mkewe, Mwamvita, alikuwa na uchungu tangu jana yake. Nikaenda. Nikapapasa tumbo lake. Kichwa cha mtoto kilikuwa ubavu wa kushoto na matako ubavu wa kulia, kaka. Mtoto amekingama kama gogo kwenye mlango.

Sheria yetu naijua kwa moyo, tumeiimba darasani: mkunga msaidizi hamgeuzi mtoto, anamwita daktari. Daktari yuko Tabora, na treni ilikuwa siku ya pili yake. Mwamvita alikuwa ananitazama. Hakulia. Akaniambia, “Binti Shilinde, usiniachie mtu mwingine.”

Chupa ya uzazi ilikuwa bado haijapasuka. Nikaomba mafuta ya nyonyo, nikafanya kama bibi alivyokuwa akifanya nilipokuwa ninamshikia taa. Mkono mmoja kwenye kichwa, mwingine matakoni, uchungu ukija natulia, ukipita nasukuma kidogo. Jasho lilikuwa linanidondoka puani. Nilisukuma na kungoja, nikasukuma na kungoja, mpaka nikahisi kitu kikubwa kinajiviringa chini ya viganja vyangu, kwa upole tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kichwa kikashuka. Saa nane mchana nilikuwa nimeshika mtoto wa kike anayepiga kelele kushinda injini ya treni.

Nilirudi Urambo sikumwambia mtu. Hata wewe sikukuambia.

Sasa basi. Jumamosi nimeshuka kwenye treni, nikaenda moja kwa moja kwa Mwamvita. Nikamwuliza, “Nani amepeleka habari zangu serikalini?” Akainama. Machozi yakamtoka. Akasema, “Dada, ni mimi.”

“Wewe?”

“Mwezi uliopita Mtemi aliita baraza. Bwana Daktari alikuwepo, ana safari zake za kukagua. Akauliza wanawake wa hapa wanazaaje. Mimi nikasimama, nikasema, kama si binti Shilinde wa Urambo ningekuwa kaburini, mimi na mtoto. Karani akaandika. Bwana Daktari akaniomba nirudie jina lako, naye akaliandika kwenye kitabu chake.”

Alitaka kunisifu, kaka! Akaniuza kwa sifa. Nikacheka mpaka nikalia, tukalia wote wawili na mtoto juu.

Amenikatalia kwenda kulala kwa Shangazi, kwa sababu nyumba ya Shangazi kila mtu anaijua. Kanificha chumba cha nyuma. Lakini siri ya wanawake wa Usinge ni siri ya wanawake wote: jana wamekuja watatu wenye mimba, kila mmoja ananong'ona, “Sijaja kwako, nimekuja kuazima chumvi.”

Na jambo jingine. Hapa karibu na stesheni inajengwa nyumba ya tofali za kuchoma, ya bati, ina vyumba vitatu na madirisha yenye nondo. Mafundi hawajaambiwa ni ya nini. Watu wanasema ni kituo cha polisi chenye mahabusu. Itakwisha, wanasema, mwisho wa mwezi huu.

Unaona, kaka? Wananijengea.

Imakulata

*

Ipuli, Tabora
20 Juni 1952

Imakulata,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sauti, maana wifi yako aliniambia nirudie. Pale penye kichwa kushuka alinishika mkono.

Kama kaka: bibi angekuwa hai angechinja kuku. Kama karani: jambo ni zito. Ushahidi wa Mwamvita umeandikwa barazani, mbele ya Mtemi na mbele ya daktari mwenyewe. Hatuwezi kukana kwamba ulimgeuza mtoto. Itabidi tukubali tendo na tutetee dharura. Nimeshaanza kuandika utetezi, una kurasa nne na sijafika kwenye treni. Nitauliza: treni ilikuwa lini? Umbali ni maili ngapi? Kama mkunga huyu angekunja mikono, leo tungekuwa tunajadili nini mbele ya mahakama hii tukufu?

Lakini siwezi kuimaliza kazi hii bila kujua kosa limeandikwaje. Ninakilie barua yote, neno kwa neno, hata usiyoyaelewa, hata nukta.

Na toka humo Usinge kama unaweza. Hiyo nyumba yenye nondo siipendi.

Kaka yako,
Eustace

*

Usinge
23 Juni 1952

Kaka Eustace,

Shikamoo. Siwezi kutoka. Nimezalisha wawili tangu Alhamisi, na wa tatu, Josepha mke wa fundi seremala, amefika miezi yake na miguu imemvimba. Nikiondoka nani atamwangalia? Mume wake ndiye anayepiga milango ya ile nyumba. Kila nikisikia nyundo moyo unaruka.

Maneno yenyewe haya hapa, nimeyaandika kwa herufi kubwa nisikosee:

YOU ARE HEREBY CHARGED WITH THE CARE OF MOTHERS AND INFANTS AT USINGE AS FROM 1ST JULY 1952.

Halafu kuna mistari miwili kuhusu treni, halafu sahihi. Basi. Ni fupi hivyo. Mambo ya kumfunga mtu hayahitaji karatasi ndefu.

Kesho nakwenda porini, mwendo wa siku nzima, kwa warina asali. Wamekuja kuniita, mke wa mmoja wao ana shida. Kama nitafungwa, acha nifungwe nimechoka.

Imakulata

*

Ipuli, Tabora
26 Juni 1952

Imakulata! Imakulata mdogo wangu!

KIMBIA! La, usikimbie! Simama hapo hapo ulipo! Nimepiga simu ya maandishi asubuhi hii kwa stesheni ya Usinge, maneno sita: SI MASHTAKA NI KAZI KAA HAPO. Kama umeshaipata, soma barua hii taratibu. Kama hujaipata, soma upesi.

Nianze wapi?

Nakala yako imefika jana jioni. Nikaikalia na kalamu yangu nyekundu. “Charged with”, vyema, nikapiga mstari. Sasa kosa: “the care of mothers and infants”. Nikatafsiri: umeshtakiwa kwa kuwatunza akina mama na watoto wachanga. Nikaisoma tena. Wifi yako alikuwa anachambua mchele, akauliza, “Tangu lini kuwatunza watoto ni kosa?” Nikamjibu kwamba sheria ina mambo yake. Akasema, “Na ‘kuanzia tarehe moja Julai’? Mtu anashtakiwa kwa kosa ambalo hajaanza kulitenda?”

Niliweka kalamu chini, Imakulata. Miaka saba ya ukarani.

Nikavaa viatu nikaenda kwa Sylvester, yule aliyesoma seminari mpaka mwaka wa mwisho kisha akaacha akaoa. Unamfahamu, anafundisha shule ya hapa na ana kamusi ya Kiingereza nene kuliko tofali. Nikamwonyesha. Alisoma mara moja akaanza kucheka. Nikamwambia, “Dada yangu yuko mafichoni, wewe unacheka?” Akasema, “Keti, Eustace. Wewe umelijua neno hili kwa mguu mmoja tu.”

Akafungua kamusi. Lo! Ukurasa mzima na nusu kwa neno hilo moja! Nilidhani ni neno langu, kumbe nimekuwa nikiishi katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba ishirini. Akanisomea. Kumshtaki mtu, ndiyo, imo, lakini mbali kule chini. Imo bei ya kitu dukani. Imo kushindilia baruti kwenye bunduki. Imo askari wa farasi kuwavamia adui, ingawa hapo hata Sylvester alikuna kichwa. Na imo kumpa mtu kazi aiangalie, awe ndiye msimamizi wake. Hiyo ndiyo yako!

Nikamwuliza, “Watu gani hawa wenye neno moja la kumfunga mtu na kumpa cheo?” Ndipo akasimama, maana Sylvester akifika kwenye Kilatini lazima asimame. Akasema zamani Warumi walikuwa na neno la gari la kukokotwa, “carrus”. Kutokana na hilo wakapata neno la kupakia mzigo garini. Wafaransa wakalichukua wakalilainisha, Waingereza wakalichukua kwa Wafaransa. Hata hiyo “kaa” iliyo ndani ya neno motokaa tunalolitamka kila siku, asema, ni mtoto wa gari lile lile. Basi mwanzo wake neno hili ni kupakia mzigo tu. Bunduki inapakiwa baruti. Mnunuzi anapakiwa bei. Mwizi anapakiwa shtaka. Na mtu mwaminifu anapakiwa kazi.

Nikamwambia, “Sisi hatupakii magari. Babu yetu alibeba pembe begani kutoka Ujiji mpaka pwani, na gari hakuliona.”

Akasema, “Basi semeni kutwika.”

Kutwika! Niliruka kitini. Lugha yetu ilikuwa nalo muda wote! Tunamtwika mtu mtungi, tunamtwika lawama, tunamtwika jukumu. Hukushtakiwa, Imakulata. UMETWIKWA. Umetwikwa akina mama na watoto wote wa Usinge kuanzia tarehe moja Julai. Ile nyumba ya bati si mahabusu, ni kliniki! Ni kliniki yako! Nondo za madirishani ni za kuzuia wezi wa dawa! Mwamvita hakukuuza, alikuombea, na serikali imesikia!

Sasa ninyamaze kidogo, maana kuna upande mwingine na umenikosesha raha. Hukuwa na shtaka lolote. Lakini umetoka Urambo bila ruhusa siku kumi na mbili sasa, na kutoroka kazini ni kosa, hilo nalijua kwa miguu yote miwili. Na aliyekuambia uondoke ni mimi. Nilijua neno moja nikajiona nimejua lugha. Kama Bwana Daktari atakufuta kazi kwa ajili hiyo, nitakuja mwenyewe nimwambie ni kaka yake aliyempoteza. Nisamehe.

Tarehe moja bila shaka Bwana Daktari atakuja Usinge kukukabidhi. Oga, vaa vazi lako jeupe, simama mbele ya mlango ule.

Kaka yako mjinga,
Eustace

*

Usinge
2 Julai 1952

Kaka Eustace,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Keti. Mwite wifi akae karibu. Nakuandikia juu ya meza yenye saraka, mezani pangu.

Barua yako na simu yako nimezisoma jana saa kumi alasiri, baada ya kila kitu kwisha. Zilipofika mimi nilikuwa porini. Yule mke wa mrina asali alinichukua siku tano, amejifungua salama, ni wa kiume. Hilali akazitia simu na barua mfukoni mwa koti lake anitunzie, kisha akatumwa Kaliua kikazi na koti lake, akarudi jana alasiri. Basi jana asubuhi narudi Usinge vumbi mpaka kwenye kope, sijui chochote, najua tu kwamba ni tarehe moja.

Sikupata hata kunawa. Mwamvita yuko mlangoni: “Josepha ameanza!” Wamemlaza chumba changu cha maficho. Nikamkagua: kichwa kiko chini, njia imefunguka nusu. Nikasema alhamdulillahi na Deo gratias ya misa pamoja.

Saa tatu treni ikalia. Baadaye kidogo nikasikia kelele nje, watu wengi, na viatu vizito. Mwamvita akachungulia akarudi rangi imempotea. “Mzungu amekuja. Yule yule wa barazani. Ana matarishi wawili na masanduku, na watu wamemwelekeza kwetu.” Nikajua ndiyo saa yangu.

Josepha alikuwa amenishika mkono. Nilifanya nini, kaka? Niliendelea. Mlango ukafunguliwa, Bwana Daktari akainama kwa urefu wake, akasimama pale kwenye ukumbi. Akauliza kwa Kiingereza, na katika maneno yake yote nikashika moja tu, lile lile: “charge”. Kumbe alikuwa anauliza nani msimamizi hapa. Mimi nikasikia anauliza nani mshtakiwa.

Nikajibu kwa sauti, bila kugeuka, “Ni mimi, Bwana! Mshtakiwa ni mimi! Lakini ningoje nje, hapa kuna mtu anazaa. Nikimaliza utanichukua.”

Kisha nikasikia anatoka. Kaka, alitoka! Akaketi kwenye kinu cha Mwamvita, kofia mapajani, akangoja kama mume wa mtu. Alingoja saa nzima.

Mtoto wa kike. Nimeosha mikono, nimetoka nje. Watu wamejaa uani, Shangazi Bernadeta ameshika mchi tayari kwa vita. Nikaenda mpaka mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili, viganja juu, ili afunge pingu.

Akanitazama mikono, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo akauweka kiganjani pangu.

Nikauangalia ule ufunguo. Nikamwuliza, “Nijifungie mwenyewe?”

Hapo ndipo alipoanza kuuliza kwa Kiswahili, nami nikajibu, na kadiri tulivyozidi kuulizana ndivyo kila mmoja alivyozidi kupotea, mpaka nikaitoa ile barua kifuani nikamwonyesha neno. Alilisoma. Akawa mwekundu shingo nzima. Akasema, “Ni kosa langu. Nilipaswa kukuandikia kwa lugha yako.” Kisha akawageukia watu akasema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, “Huyu ndiye mkuu wa kliniki ya Usinge.” Vigelegele! Mafundi wakashuka kutoka juu ya bati. Shangazi akacheza na mchi wake mpaka watu wakamkimbia.

Ningeweza kuliacha jambo hapo, kaka. Kila mtu anafurahi, ufunguo ninao. Lakini niliona nikinyamaza nitaogopa kila bahasha maisha yangu yote. Nikamwomba tuzungumze pembeni. Nikamwambia yote: kwamba mtoto wa Mwamvita alikuwa amekingama na nilimgeuza kinyume cha sheria, na kwamba nilitoroka Urambo kwa hofu. La kutoroka alikwisha kulisikia, na alikuja akiwa amekasirika. La kumgeuza mtoto hakulijua. Barazani Mwamvita alisema tu kwamba nilimwokoa.

Uso wake ulibadilika. Sikuona tena yule mtu wa kwenye kinu. Akaniuliza, “Umefanya hivyo mara ngapi?” Nikasema mara moja. “Nani alikufundisha?” Nikasema bibi yangu. Akachukua mto, akauweka mezani, akaweka juu yake mtoto wa sanamu kutoka kwenye sanduku la mafunzo, akafunika na shuka. “Nionyeshe.”

Nikamwonyesha. Akaniambia nirudie, polepole. Akauliza ningefanya nini kama chupa ingekuwa imepasuka. Nikasema nisingegusa. Akauliza ningefanya nini kama damu ingeanza kutoka. Nikasema ningeacha na kusali, maana hakuna kingine. Alifunua shuka, akamgeuza yule mtoto wa sanamu mikononi mwake, kaka, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote.

Kisha akafungua daftari lake, akaandika, na safari hii akanitafsiria mstari kwa mstari. Nimepewa onyo la maandishi kwa kuondoka Urambo bila ruhusa. Nimepewa la pili kwa kuvunja sheria. Nitaangaliwa miezi mitatu, na likitokea jingine natoka. Na kila mwezi atapita hapa siku moja anifundishe kugeuza mtoto kwa njia ya hospitali, ili siku treni isipokuwepo nijue ninalofanya. Nikatia sahihi. Wewe uliniambia nisitie sahihi mahali popote, lakini hii nilitaka kuitia.

Usijiite mjinga. Kama usingeniambia niondoke, nani angemzalisha Josepha?

Vyumba ni vitatu. Bado kuna harufu ya chokaa mbichi. Vitanda ni vinne.

Mdogo wako,
Imakulata

*

Ipuli, Tabora
7 Julai 1952

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera isiyo na mwisho. Sylvester ameisoma barua yako darasani, na wanafunzi wake wamepiga kelele mpaka mwalimu mkuu akaja. Ile hati yangu ya utetezi ya kurasa nne wifi yako amewashia moto, akasema haijapata kufanya kazi nzuri zaidi.

Sasa nami nina langu, nimekuficha tangu Machi.

Veneranda ana mimba ya miezi saba. Unajua mbili zilizotangulia zilivyoishia, na unajua alivyokuwa baada ya ile ya pili. Safari hii aliniapisha nisimwambie mtu, hata wewe, hasa wewe. Alisema akiona furaha kwenye uso wa mtu mwingine atashindwa kuvumilia. Ndiyo maana nimekuwa nikikuandikia kwamba anapumzika.

Juzi tumesoma barua yako, yeye ameegemea ukuta. Tulipofika pale Bwana Daktari anapokuambia uonyeshe kwenye mto, aliichukua barua mkononi mwangu akaisoma mwenyewe, na pale uliposema ungeacha na kusali akaparudia. Akaikunja. Akasema, “Huyu haongopi. Nipeleke Usinge.” Nikamwambia hapa Tabora kuna hospitali kubwa, kuna madaktari. Akasema, “Eustace, nimekwisha sema.”

Mkunga wa hapa amemkagua, amemruhusu kusafiri akiwa amelala. Atakuja kwa treni ya Jumamosi, tarehe 12, na mama yake mzazi. Mwombe Hilali awe karibu na behewa, ngazi ni ndefu. Ana magodoro yake mwenyewe, mchele, na mito mitano. Hatakuambia anaumwa mpaka umwulize mara tatu. Miguu yake inakuwa baridi jioni.

Mimi nitafuata nikipata ruhusa. Akikuuliza habari zangu, mwambie siogopi.

Kaka yako,
Eustace